Mgeni Ulingoni

Swali: Kijana wetu wa Cheptiret anataka kumng'oa mbunge mkongwe. Ana nafasi kweli?

Jibu: Anayo. Majirani zenu wa Keiyo Kusini walimwangusha Nicholas Biwott mwaka 2007, mbunge wao tangu 1979. Lakini Jackson Kiptanui aliyemshinda alibebwa na wimbi la chama cha ODM. Huku kwetu, tiketi ya chama kinachovuma ndiyo vita vyenyewe. Akiikosa, Katiba ya Kenya inamruhusu kuwa mgombea huru: aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa eneobunge, na awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo asingojee kesi za mchujo wa chama ziishe, muda huo utampita! Na pesa za mabango, bora alipe mawakala watakaokesha wakikagua Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge, kituo kwa kituo.