Manmohan Singh: waziri aliyekabidhiwa akiba ya majuma mawili

Maneno "akiba ya fedha za kigeni" hayakosi katika taarifa za Benki Kuu, lakini wafanyabiashara wengi huyaruka na kwenda moja kwa moja kwenye bei ya dola. Juma hili tunayatazama maneno hayo kwa karibu, kwa mfano wa India mwaka 1991 na Waziri wake wa Fedha, Dk. Manmohan Singh.

Akiba ya nchi haipimwi kwa wingi wa dola peke yake. Hupimwa kwa majuma ambayo nchi inaweza kuendelea kuagiza bidhaa hata kama haiingizi senti. India wakati huo ilikuwa ikiagiza bidhaa za dola bilioni 24 hivi kwa mwaka, yaani karibu dola milioni 460 kwa juma. Katikati ya 1991 akiba yake ilikuwa imebaki dola bilioni 1.1 hivi. Ukigawanya unapata majuma mawili na siku chache. Baada ya hapo nchi ya watu zaidi ya milioni 800 ingekosa fedha za kulipia mafuta.

Ilifikaje hapo? Kwa miaka mingi Serikali ilitumia kuliko ilivyokusanya, mpaka nakisi ya bajeti ikapita asilimia 8 ya pato la taifa. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, bei ya mafuta ikapanda, na Wahindi zaidi ya laki moja waliokuwa wakifanya kazi huko wakarejea kwao. Fedha walizokuwa wakituma nyumbani zikakatika. Wahindi wa ng'ambo waliokuwa na amana katika benki za India nao wakaanza kuzihamisha. Mei 1991 zikauzwa tani 20 za dhahabu nchini Uswisi, kwa makubaliano kwamba India inaweza kuzinunua tena. Mwezi huo huo Rajiv Gandhi akauawa katikati ya kampeni. Baada ya uchaguzi, Waziri Mkuu mpya, P.V. Narasimha Rao, alihitaji mtu ambaye wakopeshaji wangemwamini.

Singh hakuwa mwanasiasa. Alizaliwa 26 Septemba 1932 katika kijiji cha Gah, Punjab, ambacho tangu 1947 kiko Pakistan. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake, na India ilipogawanywa familia ilihamia Amritsar. Alisoma Cambridge, kisha Oxford, ambako mwaka 1962 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya mauzo ya nje ya India. Humo alipinga imani ya wakati ule kwamba nchi yake haiwezi kuuza nje zaidi ya ilivyokuwa ikiuza.

Baada ya hapo alikuwa mtumishi wa Serikali kwa muda mrefu: Mshauri Mkuu wa Uchumi kuanzia 1972, Gavana wa Benki Kuu 1982 hadi 1985, halafu Naibu Mwenyekiti wa Tume ya Mipango. Kwa maneno mengine, utaratibu wa leseni na vibali alioufumua baadaye alikuwa ameutumikia miaka ishirini. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Kwa maoni yetu ndiyo iliyomfaa, maana alijua kila kibali kinatoka ofisi gani na nani anafaidika nacho.

Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka kwa jambo jingine. Kuanzia 1987 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa Tume ya Kusini mjini Geneva, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu, alipokuwa Rais, alikataa katakata sharti la IMF la kushusha thamani ya shilingi. Katibu wake aliishusha rupia kabla ya kumaliza majuma mawili katika kiti cha waziri.

Aliapishwa 21 Juni 1991. Tarehe 1 Julai rupia ilishushwa kwa asilimia 9 hivi, ili kupima soko litasemaje. Tarehe 3 Julai ikashushwa tena kwa asilimia 11 hivi. Inasimuliwa kwamba Rao aliingiwa na hofu kati ya hatua hizo mbili, na asubuhi ya tarehe 3 Singh akampigia simu C. Rangarajan, Naibu Gavana wa Benki Kuu, kuuliza kama hatua ya pili inaweza kusimamishwa. Akajibiwa kwamba tayari imekwishatangazwa.

Hapa mwagizaji aangalie hesabu. Dola iliyokuwa rupia 21 hivi ilifika karibu 26. Kwa lugha ya Serikali rupia ilipungua kwa karibu asilimia 19. Kwa mwenye duka anayelipia mzigo, dola ilipanda kwa asilimia 23 au zaidi. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila ya pili ndiyo inayotoka mfukoni mwake.

Julai hiyo hiyo tani 47 za dhahabu zilisafirishwa na kuwekwa rehani kwa Benki Kuu za Uingereza na Japani, zikaleta mkopo wa dola milioni 400 hivi. Habari zilipofika magazetini watu walifadhaika. Kwa Mhindi, dhahabu ya nyumba kwenda rehani ni aibu ya mwisho.

Bajeti ilisomwa 24 Julai. Siku hiyo hiyo ilitangazwa sera mpya ya viwanda iliyofuta leseni isipokuwa kwa aina 18 tu za viwanda, na wageni wakaruhusiwa kumiliki hadi asilimia 51 katika sekta zilizochaguliwa. Ushuru wa forodha wa juu kabisa, uliokuwa umepita asilimia 300, ukashushwa hadi 150. Bei ya mbolea ilipandishwa asilimia 40, na hapo wabunge wa chama chake mwenyewe wakamgeuka. Alirudi nyuma: ikawa asilimia 30, na wakulima wadogo wakasamehewa. Kwenye mengine hakuyumba.

Lililomshinda ni soko la hisa. Kipimo cha bei za hisa cha Bombay kilitoka kama 1,000 mwanzoni mwa 1991 hadi karibu 4,500 Aprili 1992. Ndipo ikagundulika kwamba dalali Harshad Mehta alikuwa akinunua hisa kwa fedha za mabenki, kwa kutumia hati zisizo na chochote nyuma yake. Pengo lilizidi rupia bilioni 40. Kamati ya Bunge ilimlaumu Singh kwa kutoshtuka mapema. Desemba 1993 akaandika barua ya kujiuzulu, Rao akaikataa.

Alibaki hadi chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa 1996. Wakati huo akiba ilikuwa imepita dola bilioni 20, na uchumi ulikuwa ukikua kwa asilimia 7 hivi kwa mwaka. Alirudi akiwa Waziri Mkuu, 2004 hadi 2014, akafariki 26 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 92. Dhahabu ya 1991 ilikombolewa kabla mwaka huo haujaisha. Novemba 2009, yeye akiwa Waziri Mkuu, Benki Kuu ya India ilinunua tani 200 kutoka IMF kwa dola bilioni 6.7.