Sindano ya Tako: Jua Njia ya Neva ya Siatiki

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Mwanzoni mwake upana hufikia kama sentimita 2. Mizizi yake hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupita takoni chini ya msuli uitwao pirifomisi, kisha hushuka nyuma ya paja. Ikikaribia goti hugawanyika matawi mawili yanayohudumia mguu mpaka vidoleni.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu zaidi ya 80 katika kila 100. Kwa waliobaki, aghalabu neva hugawanyika mapema, humo humo takoni: mara nyingi tawi la nje hupenya katikati ya pirifomisi, la ndani likapita chini yake. Mwaka 1937 Beaton na Anson, wanaanatomia wa Marekani, walizipanga tofauti hizi katika makundi 6. Huu si ugonjwa, na wengi huishi nao bila kujua.

Ila kwa mganga, tofauti hiyo ina uzito. Sindano ya ganzi nyuma ya goti inaweza kushika tawi moja tu. Daktari anayepasua nyonga anaweza kukutana na neva asipoitarajia. Na dawa ikiingia kwenye neva, mguu unaweza kupooza. Nchini Uganda madaktari wamewatibu watoto waliopata ulemavu baada ya sindano za kwinini takoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomwa sindano:

- Uliza kama dawa ya kumeza inatosha.
- Mtoto mdogo achomwe pajani, mbele kwa upande wa nje.
- Mtu mzima akichomwa takoni, tako moja ligawanywe kwa macho mafungu manne, sindano iingie fungu la juu la nje. Ubavuni mwa nyonga ni salama zaidi.
- Lala, na nguo ishushwe mpaka tako lote lionekane.
- Ukisikia maumivu kama shoti ya umeme yakishuka mguuni, sema papo hapo ili sindano itolewe.

Baadaye, mguu ukifa ganzi, kidole gumba kikikataa kuinuka au wayo ukiburuza chini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipoteze muda kwa kukanda nyumbani.

Kuuliza unachomwa wapi ni haki yako, na haki ya mtoto uliyempeleka zahanati. Itumie.