Kupoza si Kugandisha: Istilahi katika Uhifadhi wa Mbegu za Farasi Dume

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakimudu sayansi. Makala haya yanachunguza uhimilishaji wa farasi, yaani kumtungisha farasi jike mimba pasipo kupandwa na dume, ili kubainisha kwamba tatizo si upungufu wa maneno bali ulegevu katika kuyatumia.

Kwanza, katika mazungumzo ya kawaida shahawa, manii na mbegu huchukuliwa kuwa visawe. Kwa mhifadhi, visawe hivi hupotosha. Shahawa ni mchanganyiko wa mbegu, ambazo ni seli, na majimaji yanayozibeba. Majimaji hayo huzifaa mbegu wakati wa kupandana, lakini yakikaa nazo kwa saa nyingi huzidhuru. Kwa hivyo, shahawa ikishakingwa kwa uke bandia huchujwa, kisha hutiwa kiowevu cha kuhifadhia chenye maziwa yaliyoondolewa mafuta, glukosi na viuavijasumu. Kiowevu hicho sharti kiwe na joto sawa na la shahawa. Aghalabu sehemu kubwa ya majimaji ya asili huondolewa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi. Kinachohifadhiwa, basi, ni mbegu.

Pili, kuna vitenzi kupoza na kugandisha. Kupoza ni kushusha joto hadi nyuzi 5 za Sentigredi, na mbegu zilizopozwa hutumiwa kwa kawaida kabla ya saa 48 kupita. Kati ya nyuzi 20 na 5 joto hushushwa polepole mno. Baridi ya ghafla huharibu utando wa seli, na chini ya hadubini mbegu zilizodhurika huonekana zikiogelea kwa duara au zikiwa zimetulia tuli. Hapa methali isemayo haraka haraka haina baraka ni kanuni ya maabara.

Kugandisha nako ni kuhifadhi katika naitrojeni kiowevu, nyuzi 196 chini ya sufuri, ambako mbegu hudumu kwa miaka mingi. Huhitaji kikingio kama gliseroli, ambayo uwezo wake ulibainishwa Uingereza mwaka 1949 na Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes.

Sasa achukuliwe mtunza farasi aliyeandikiwa, "Weka kwenye barafu," pale ilipokusudiwa "Poza polepole." Akitii, mbegu zitakufa. Farasi jike atangojewa takriban siku 21 ili arudi kwenye joto, na huenda msimu ukapita kabla hajashika mimba, ilhali mimba yenyewe huchukua takriban miezi 11. Hasara yote hiyo chanzo chake ni neno moja.

Kwa kuhitimisha, wanaisimu hawana budi kushirikiana na wataalamu wa mifugo, wakiwemo wale wa Kabete wanaogandisha mbegu za fahali. Istilahi hukomaa inapotumiwa na watu ambao kosa la neno huwagharimu.