Somo la TEHAMA: Msamaha kwa Mpokeaji katika Kichujio cha Barua Taka

Mwananchi anayelalamikia kisima kilichoharibika hafungwi na taratibu za uandishi wa kiofisi. Pengine huandika kwa herufi kubwa tupu, husahau kichwa cha barua, au hutuma picha pekee bila maneno. Hizo ni miongoni mwa dalili ambazo vichujio vya barua taka huzitilia shaka. Lalamiko halali likizuiwa, ofisi haipati habari, naye mwananchi huamini kuwa amepuuzwa. Somo hili linaeleza namna ya kuzilinda anwani za huduma bila kuwafungulia mlango matapeli.

Kichujio hufanya kazi kwa alama. Katika SpamAssassin, programu inayotumika katika seva nyingi, kila dalili huongeza au kupunguza alama. Kwa mipangilio ya awali, barua inayofikisha alama 5 huhesabiwa kuwa taka. Msamaha kwa mtumaji haufai hapa, kwa kuwa haijulikani mapema ni nani atakayeandika. Kinachojulikana ni anwani inayoandikiwa. Kwa hiyo msamaha hupewa mpokeaji.

Programu hiyo ina ngazi tatu za msamaha huo: ya kwanza hupunguza alama 6, ya pili 20 na ya tatu 100. Katika ngazi ya kwanza, barua yenye alama 9 hubaki na 3, ikapita. Yenye alama 12 hubaki na 6, ikazuiwa.

Msimamizi wa mfumo azingatie hatua zifuatazo:

1. Aorodheshe anwani za huduma pekee, kama vile ya malalamiko na ya zabuni. Anwani ya postmaster nayo iwemo, kwani kanuni ya kimataifa RFC 5321 ya mwaka 2008 huitaka seva inayopokea barua pepe iikubali anwani hiyo. Anwani binafsi ya mtumishi isiingizwe kwa sababu ya cheo chake.

2. Aanze na ngazi ndogo, na kuipandisha pale tu ambapo barua halali zinaendelea kuzuiwa.

3. Atofautishe bahasha na barua. Mstari wa "Kwa" huandikwa na mtumaji apendavyo, ilhali seva hufikisha barua kwa kufuata anwani ya bahasha. Kichujio kikiridhika na mstari huo, tapeli ataandika humo anwani ya malalamiko huku bahasha ikielekezwa kwa mhasibu, na msamaha utamnufaisha yeye. Kwa hiyo msamaha ufungwe kwenye anwani ya bahasha kila inapowezekana.

4. Atenganishe nakala. Barua moja ikiwa na wapokeaji wawili, seva hutoa jibu moja kwa barua nzima baada ya kuipokea. Nakala zisipotenganishwa kabla ya kuchujwa, ama asiyestahili atapata msamaha, ama anayestahili ataukosa.

5. Asiondoe ukaguzi wa virusi. Msamaha huu unahusu alama za barua taka tu. Kiambatisho chenye virusi kizuiwe hata kikitumwa kwa anwani ya malalamiko.

Baada ya hapo, mfumo ujaribiwe. Barua inayofanana na ya mwananchi wa kawaida itumwe kutoka nje ya ofisi kwenda anwani yenye msamaha, na nyingine ya namna hiyohiyo kwenda anwani isiyo nao. Kisha alama zilizoandikwa katika vichwa vya barua zote mbili zilinganishwe. Tofauti ikiwa sawa na ngazi iliyochaguliwa, kazi imekamilika.

Linalobaki ni la kibinadamu. Anwani yenye msamaha hupokea taka nyingi kuliko nyingine, hivyo apangwe mtumishi wa kuifungua kila siku ya kazi na kutofautisha lalamiko na utapeli. Msamaha usio na msomaji haumfikishi mwananchi popote.