Rangi nyekundu ya mawese: tusiichome, tusiiuze yote



Somo la leo ni juu ya tunda moja ambalo kila mutu kwetu anafikiri analijua: ngazi. Toka Fizi mpaka Kasongo na Kindu, toka Beni mpaka Kisangani, mungazi unasimama karibu na nyumba na ndani ya mashamba. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kule Kigoma, wanauita mchikichi. Muti huu ni wa Afrika. Mwaka 1848 miche 4 tu ilipandwa katika bustani ya Bogor, kule Indonesia, na leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mafuta ya mawese ya dunia nzima.

Siku hizi ku masoko ya miji mikubwa watu wanalipa bei kali juu ya poda na juisi za matunda ya mbali, kwa sababu wameambiwa zina vitamini. Sisi vitamini tunayo nyuma ya nyumba. Shida ni kwamba mara nyingi inatutoka. Familia inakamua mawese, inauza bidoni zote, kisha inanunua mafuta meupe kidogo kidogo kwa kupikia. Ao mawese yanabaki nyumbani, lakini mupishi anayachoma ku moto mpaka yanakuwa meupe. Njia zote mbili zinaleta hasara moja: rangi nyekundu inapotea, na mutoto anakula chakula chenye mafuta kisicho na dawa yake.

KUNA NINI NDANI YA NGAZI?

Chukua ngazi moja iliyoiva, uikate katikati kwa kisu. Utaona sehemu tatu. Inje kuna nyama ya rangi ya machungwa: hapo ndipo mafuta mekundu yanatoka. Katikati kuna ganda gumu. Ndani ya ganda kuna mbegu nyeupe. Mbegu hiyo pia inatoa mafuta, lakini ni mafuta mengine kabisa: hayana rangi nyekundu, na hayana vitamini A. Kwa hiyo mutu asiseme «mafuta ya ngazi ni yale yale».

Rangi nyekundu inaitwa karoteni. Ndiyo ile ile inayotia karoti rangi, lakini ndani ya mawese iko nyingi zaidi: kilo moja ya mafuta mekundu mazuri inabeba karibu miligramu 500 mpaka 700 za karoteni. Tukiikula, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mawese yana vilevile vitamini E, inayosaidia kulinda mwili, na inayolinda mafuta yenyewe yasioze haraka.

Ukubwa wa nyama ya ngazi unategemea aina ya muti. Jambo hilo lilifahamika vizuri hapa kwetu, ku kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, mwaka 1941. Watafiti walionyesha kwamba ukizalisha mungazi wa ganda nene na mungazi usio na ganda, unapata mungazi wa ganda jembamba, wenye nyama nyingi na mafuta mengi. Lakini ukiokota mbegu chini ya huo wa ganda jembamba na kupanda, watoto wake hawatafanana wote: wengine watarudi ku ganda nene, wengine hawatazaa vizuri. Ndiyo maana tunashauri koperative itafute mbegu ao miche ku kituo kinachojulikana.

VITAMINI A INAFANYA KAZI GANI?

Vitamini A inalinda macho, ngozi, na nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Mutoto anayeikosa anapata kuhara na surua kwa ukali zaidi kuliko mwenzake, na anaweza kufa na ugonjwa ambao mwenzake anapona.

Alama ya kwanza ambayo muzazi anaweza kuona ni macho ya jioni. Mchana mutoto anacheza vizuri. Jua likizama, anagonga viti, hapati sahani yake, anakaa karibu na mama bila kusogea. Watu wengine wanasema amerogwa, ao ni muvivu. Hapana. Ni jicho linaomba vitamini A. Kiisha jicho linakauka, pengine madoa meupe kama povu yanatokea ku sehemu nyeupe ya jicho. Hali hiyo ikiachwa, kioo cha jicho kinaharibika na mutoto anakuwa kipofu kwa maisha yake yote. Ukiona alama hizi, mupeleke mutoto ku kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingojee siku ya soko, na usijaribu kumuponyesha kwa mawese peke yake.

KIPIMO NI KIDOGO

Kijiko kimoja kidogo cha chai cha mafuta mekundu ambayo hayakuchomwa kinakaribia kutosha vitamini A ya siku moja kwa mutoto mudogo. Kijiko kimoja tu.

– Mutoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama peke yake. Mama anayenyonyesha ndiye anakula mawese, na vitamini A inapita ndani ya maziwa yake.
– Kuanzia miezi 6: tia kijiko kimoja cha chai ndani ya uji ao viazi vilivyopondwa, wakati chakula kimekwisha kutoka ku moto.
– Mutoto mukubwa na watu wazima: sombe, lengalenga, matembele ao maharagi yenye mawese.

Majani ya kijani nayo yana karoteni, lakini tumbo haliwezi kuivuta vizuri bila mafuta. Wamama zetu waliotia mawese ndani ya sombe toka zamani walikuwa wanafanya kazi mbili pamoja: wanaongeza vitamini ya mafuta, na wanafungua ile ya majani. Tusiache desturi hiyo kwa kufikiri kwamba mafuta meupe ni ya watu wa maendeleo.

Kibonge cha vitamini A ambacho wanganga wanagawa kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 kiendelee kupokelewa. Mawese ni chakula cha kila siku. Kibonge ni akiba ya miezi kadhaa. Kimoja hakifukuzi kingine.

MAMBO MANNE YANAYOHARIBU RANGI

1. Kuchoma mafuta mpaka yawe meupe. Moto mukali unaua karoteni. Mafuta yanabaki na nguvu ya kushibisha, lakini vitamini A imekwisha. Tena moshi wake unaumiza kifua, na sufuria inaweza kuwaka. Ukitaka kupunguza harufu, pasha mafuta kwa moto wa kadiri na utie kitunguu mapema. Rangi ibaki nyekundu.

2. Mwangaza na hewa. Mafuta yaliyowekwa ku jua ndani ya chupa nyeupe yanapoteza rangi na yanachacha. Weka bidoni ndani ya nyumba, mahali pa giza, ijae mpaka juu na ifungwe.

3. Maji na uchafu. Mafuta yasiyokaushwa vizuri yanaoza chini ya bidoni.

4. Bidoni mbaya. Bidoni iliyobeba dawa ya shamba ao petroli isitiwe mafuta ya kula hata siku moja, hata ikioshwa mara kumi.

Kule Bukavu ao Butembo, asubuhi ya baridi, mawese yanaganda. Hayo hayajaharibika. Yapashe kidogo, yatarudi kama yalivyokuwa.

KUKAMUA VIZURI: AFYA NA BEI PAMOJA

Wengi wetu tunaacha mikungu siku nyingi katika lundo ili ngazi zitoke kwa urahisi na zilainike. Mafuta yanatoka, ni kweli, lakini yanakuwa na asidi nyingi. Ngazi ikishachubuka, kuna kitu ndani yake kinaanza kukata mafuta vipande vipande. Ni kuchemsha tu kunakokizuia. Mafuta ya asidi yanakwaruza koo, yanachacha haraka, na munguzi wa bei ya chini anayachukua kwa sabuni. Katika biashara kubwa, wanunuzi wengi hawataki mafuta yenye asidi inayopita 5%.

Fuateni njia hii:

1. Kateni mukungu wakati ngazi chache zimeanguka zenyewe chini. Mukungu mubichi hauna mafuta ya kutosha wala rangi.
2. Musiangushe mikungu kwa nguvu juu ya mawe. Ondoeni ngazi zilizooza.
3. Pukuchueni na kuchemsha ngazi kesho yake, ao kesho kutwa ikichelewa sana. Zichemke mpaka nyama ilainike vizuri.
4. Twangeni na kukamua zingali moto.
5. Chemsheni mafuta pamoja na maji safi, muyaache yatulie, kisha mutoe mafuta ya juu taratibu.
6. Yakausheni ku moto mudogo. Povu na kelele ya maji vikiisha, toeni sufuria. Hapo ndipo wengi wanapitisha kiasi.
7. Chujeni kwa kitambaa safi, muache yapoe, mutie ndani ya bidoni kavu, muandike tarehe.

MAFUTA NI MAFUTA

Tunda zuri halina haja ya kusingiziwa miujiza. Mawese hayaponyeshi malaria, sukari, wala sumu. Karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayoganda. Mutu mwenye shida ya moyo ao damu kupanda afuate kipimo ambacho munganga wake anamupa. Kwa familia nyingine yote, kipimo cha kawaida ndani ya mboga kinatosha. Kuogelesha sombe ndani ya mafuta hakuongezi afya. Na vitamini A tuitafute pia ku papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mayai na maini.

HESABU YA KUFANYA KATIKA MUKUTANO

Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Mutoto mumoja, kwa mwaka wa siku 365, anahitaji mililita 1.825, ndiyo kusema haifiki hata lita 2. Familia yenye watoto wadogo wawili inahitaji lita 3 na nusu na kidogo zaidi. Bidoni moja ina lita 20. Kwa hiyo macho ya watoto wawili, mwaka muzima, hayali hata robo ya bidoni moja.

Tunajua bidoni ndiyo inalipa masomo, nguo na kodi ya shamba. Hakuna anayewaambia muache kuuza. Tunaomba kitu kimoja: sehemu ya mutoto itolewe kwanza, mbele ya munguzi kufika. Na kwa sababu mafuta ya zamani yanapoteza rangi, muitoe kidogo kidogo kila mara munapokamua, badala ya kuiweka yote toka mwanzo wa mwaka.

Maswali ya kuzungumuza:

– Ku nyumba zetu, nani anaamua ni lita ngapi zinabaki na ngapi zinauzwa? Mama anayepika anaulizwa?
– Ni siku ngapi zinapita kati ya kukata mukungu na kuchemsha ngazi? Nani anaweza kuzipunguza, na kwa njia gani: sufuria kubwa ya pamoja, ao zamu ya kuni?
– Ndani ya koperative yetu kuna mutoto ambaye jioni anagonga vitu? Nani atamusindikiza muzazi wake ku kituo cha afya?
– Tunaweza kuandika katika sheria za koperative kwamba kila mwanachama anabakiza sehemu ya watoto mbele ya kupima bidoni za kuuza?

Swali la mwisho lipigiwe kura, na jibu liandikwe ndani ya kitabu cha mikutano.