Maji ya Mfereji Naivasha: Kwa Nini Kuchemsha Pekee Hakutoshi

Mkazi wa Naivasha akiulizwa kama maji ya mfereji wake ni mazuri, mara nyingi hujibu kwa kuangalia rangi. Yakiwa hayana tope wala harufu, basi ni mazuri. Asiyeyaamini huyachemsha, akayafunika, akaridhika. Hakuna anayemlaumu, kwani kuchemsha maji kumewakinga watoto wengi na kuhara. Shida ni kwamba katika mji huu, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, jerikani moja inaweza kubeba hatari mbili ambazo hazina dawa moja. Ya kwanza ni vijidudu, ambavyo moto huviua. Ya pili ni madini ya floridi, ambayo moto hauyawezi.

Floridi haitoki kiwandani wala kwenye choo cha jirani. Inatoka ardhini. Bonde la Ufa limejengwa na miamba ya volkano, na maji yanapokaa chini kwa miaka mingi, huku yakipata joto la ardhi, huyeyusha floridi iliyo ndani ya miamba hiyo. Ndiyo sababu maji ya visima virefu huwa na floridi nyingi kuliko maji ya mvua au ya mito inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua, kama vile Malewa. Na visima havifanani. Kisima kimoja kinaweza kuwa na kiwango kinachokubalika, na kingine kisicho mbali nacho kikawa na mara kadhaa ya kiwango hicho. Kwa hiyo si haki kusema maji yote ya Naivasha ni mabaya, na si busara kusema yote ni mazuri. Lazima kila chanzo kipimwe.

Kiwango kinachotumika ni miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango hicho kisipitwe, na kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka wa 2006 ziliweka hicho hicho kwa vyanzo vya maji ya nyumbani. Floridi kidogo huimarisha meno, na ndiyo maana imo kwenye dawa nyingi za meno. Ikizidi, mambo hugeuka.

Meno hulipa kwanza

Dalili yake inajulikana na kila mtu aliyekulia ukanda huu: meno yenye mistari myeupe kama chaki, au madoa ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi meno yanayomeguka. Wengi wenye meno hayo wameambiwa tangu utotoni kwamba hawapigi mswaki. Ukweli ni kwamba mswaki hauwezi kuyaondoa, kwa sababu hayo si uchafu. Ganda gumu la jino liliharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, kabla jino halijachomoza.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Magamba ya meno ya ukubwani hujengwa tangu mtoto anapozaliwa hadi karibu umri wa miaka minane. Meno ya mbele, yanayoonekana mtu akicheka, hujengwa mapema zaidi, katika miaka michache ya mwanzo. Mtu mzima anayehamia Naivasha leo kufanya kazi kwenye mashamba ya maua hatapata meno ya kahawia. Mtoto wake anayezaliwa hapa anaweza kuyapata, na yakishatokea hayarudi nyuma. Mzazi anayesubiri kuona dalili ndipo abadilishe maji, amechelewa kwa mtoto huyo.

Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floridi nyingi. Ushauri wa kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza una faida nyingi, na katika ukanda huu faida hii nayo inaongezeka. Mtoto anayepewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hupata kiasi kikubwa zaidi, tena akiwa na mwili mdogo.

Kiwango kikiwa juu sana na mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi, floridi hujikusanya kwenye mifupa. Viungo hukaza, mgongo na magoti huuma, na hali ikizidi mtu hupinda. Hilo huchukua muda mrefu, na kwa kawaida hutokea pale ambapo maji yana miligramu 3 kwa lita au zaidi.

Hesabu ya sufuria

Tuchukue lita 10 za maji yenye miligramu 3 za floridi kwa lita. Jumla ya floridi ni miligramu 30. Maji yakichemka hadi zibaki lita 9, iliyopotea ni mvuke tu. Zile miligramu 30 zimebaki kwenye sufuria, na sasa kila lita ina miligramu 3.3. Aliyechemsha ameua vijidudu, na hapo amefanya vyema, lakini floridi ameizidisha kidogo. Klorini nayo haiigusi. Vichujio vya udongo au vya mshumaa vinavyouzwa madukani huzuia tope na vijidudu, lakini floridi hupita pamoja na maji.

Hesabu hiyo hiyo inaweza kumsaidia mkazi. Akichanganya lita 10 za maji yenye miligramu 4 na lita 20 za maji safi ya mvua, ambayo huwa karibu hayana floridi, atapata lita 30 zenye takriban miligramu 1.3 kwa lita, chini ya kikomo. Kuchanganya maji ya vyanzo tofauti ni njia inayotumiwa hata na wahandisi wa miradi mikubwa. Sharti ni kujua kwanza kiwango cha kila chanzo.

Na si lazima maji yote ya nyumba yawe ya mvua. Floridi haipenyi kwenye ngozi kiasi cha kudhuru, kwa hiyo maji ya mfereji yanafaa kwa kufua, kuoga na kupiga deki. Yanayohitaji uangalifu ni ya kunywa na kupikia, na hayo kwa familia ya watu watano ni kama lita 15 kwa siku. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye paa la mabati la mita 30 za mraba huleta lita 300. Hata zikipotea lita 60, zinazobaki zinatosha siku 16. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na yale yanayowekwa kwenye tangi yatiwe klorini au yachemshwe kabla ya kunywewa.

Njia nyingine ina historia hapa hapa Nakuru. Mwisho wa miaka ya 1990, mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru ulianza kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, ikasagwa na kuoshwa, na maji yakipita katikati yake floridi hunaswa kwenye madini ya mfupa. Chujio hilo hutumika nyumbani kwenye ndoo au hujengwa kubwa kwa ajili ya shule au kioski. Lina udhaifu mmoja ambao mnunuzi hana budi kuujua: makaa hushiba. Yakishashiba, maji hutoka yakiwa na ladha ile ile na rangi ile ile, lakini floridi inapita. Anayenunua maji kwenye kioski chenye chujio ana haki ya kuuliza makaa yalibadilishwa lini na maji yalipimwa lini. Mashine za kisasa zinazosukuma maji kwenye utando mwembamba pia huondoa floridi vizuri, ila zinataka umeme na matengenezo.

Jikoni kuna mawili zaidi. Majani ya chai hukusanya floridi kutoka kwenye udongo, kwa hiyo chai nzito iliyopikwa kwa maji ya kisima humpa mtoto mdogo mzigo mara mbili. Magadi, ambayo baadhi ya nyumba hutumia kulainisha maharagwe au mboga, nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi sana. Nyumba yenye watoto wadogo ingefanya vyema kuyaacha, iloweke maharagwe usiku kucha.

Upande wa vijidudu

Yote hayo hayafuti hatari ya kwanza. Floridi huharibu kwa miaka, lakini kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, na mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi. Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka wa 2020 na maji kuingia mtaa wa Kihoto, vyoo vya shimo na visima vifupi vilizama pamoja. Katika hali kama hiyo hakuna cha kujadili kuhusu floridi. Maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Kwa mfereji wa kawaida, mlinzi ni klorini. Kampuni ya maji huitia kwenye tangi kuu, na inatakiwa ibaki kidogo hadi maji yanapofika nyumbani, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Harufu hafifu ya dawa ambayo wengi huilalamikia ni dalili kwamba mlinzi bado yuko kazini. Anayeichukia anaweza kuacha maji wazi kwenye chombo safi kwa muda mfupi, nayo hupungua. Isipokuwapo kabisa, hasa kwenye mitaa iliyo mwisho wa laini, hapo ndipo pa kuuliza.

Mgao wa maji huleta hatari yake. Maji yakikatwa, shinikizo ndani ya bomba hushuka, na palipo na ufa uchafu wa nje huweza kunyonywa ndani. Paipu nyembamba za plastiki zilizolazwa kwenye mitaro ya maji taka, nyingine zikiwa zimeunganishwa usiku bila ruhusa, ndizo mlango mkubwa wa uchafu huo. Aliyeunganisha hufikiri amemwibia kampuni. Anayekunywa kile kilichoingia ni jirani yake. Maji yanaporudi baada ya mgao, ya mwanzo yatumike kumwagilia au kuosha choo, na ya kunywa yachotwe yakishatulia.

Kisha kuna jerikani. Maji yanaweza kutoka mferejini yakiwa salama yakachafukia nyumbani. Jerikani yenye utelezi wa kijani ndani ioshwe kwa sabuni na kokoto au mchanga safi, isuuzwe, na maji yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono. Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya bahari, na hapa maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 badala ya 100. Hilo lisimtie mtu wasiwasi. Joto hilo linatosha, mradi maji yatokote kweli kweli kabla ya kuepuliwa.

Nani anapima, na mkazi aulize nini

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, huchapisha ripoti ya kila mwaka inayolinganisha kampuni za maji. Msomaji ajue kwamba alama ya ubora wa maji katika ripoti hiyo hutegemea klorini na vipimo vya vijidudu. Ni vipimo muhimu sana, lakini havisemi lolote kuhusu floridi. Kampuni inaweza kupata alama nzuri na bado mtaa unaohudumiwa na kisima fulani ukawa na swali la meno.

Kwa hiyo mkazi anayekwenda kwenye ofisi ya maji, au anayemuuliza mwenye kisima cha kibinafsi au dereva wa lori la maji, asiulize tu kama maji ni safi. Aulize yametoka chanzo gani, floridi ni miligramu ngapi kwa lita, na kipimo ni cha tarehe gani. Jibu liwe kwenye karatasi ya maabara.

Anayetaka kupima chanzo chake anaweza kumwona afisa wa afya ya umma wa wadi, ambaye atamwelekeza kwenye maabara inayotambuliwa. Sampuli ya floridi ichukuliwe kwa chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floridi hushikana na kioo na kuharibu hesabu. Sampuli ya vijidudu ni tofauti: chupa yake hutoka maabara ikiwa imeshasafishwa na kutiwa dawa ya kuzima klorini, haisuuzwi, na inatakiwa kufika maabara siku hiyo hiyo ikiwa imewekwa kwenye barafu. Anayeomba vipimo vyote viwili aombe chupa mbili.