Chai na Chakula Visikutane: Madini ya Chuma na Ubongo wa Mtoto

Katika vijiji vinavyozunguka Silibwet, Kaunti ya Bomet, chai ya maziwa hunywewa alfajiri kabla ya kwenda kuchuma, huteremshia ugali mchana na hufuata chakula cha jioni. Chai yenyewe haina kosa. Ndiyo inayolipa karo ya shule. Tatizo liko kwenye saa ya kuinywa.

Majani ya chai yana kemikali iitwayo tanini, ile ile inayofanya chai ya rangi ikaushe ulimi. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, wimbi na mboga za kienyeji, hushikana nayo na mwili hushindwa kuyafyonza. Kuongeza maziwa hakuondoi tatizo hilo. Familia inaweza kula sahani nzuri ya saga, mboga ambayo Wakipsigis huiita isagek, kisha kikombe kimoja kikaharibu sehemu kubwa ya faida yake.

Hapo ndipo ubongo unapoingia. Tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, yaani takriban siku 1,000, ubongo hukua kwa kasi ambayo haitarudi tena. Madini ya chuma huiwezesha damu kubeba oksijeni, na pia hutumika kujenga utando unaofunika neva ili ujumbe upite haraka. Mtoto aliyepungukiwa huwa mchovu na anaweza kuwa mzito wa kushika mambo. Akitibiwa baadaye damu hurudi, lakini si pengo lote la ubongo huzibika.

Njia ya kuepuka hali hiyo haina gharama. Chai inywewe saa moja au zaidi kabla ya chakula au baada yake. Mlo wenye maharagwe au mboga uambatane na nyanya mbichi, chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Nyama, maini na omena vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai kabisa, hata ile nyepesi ya kulainishia mkate.

Kwa mama mjamzito, chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Ndiyo sababu kliniki za umma hutoa bure kidonge chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, cha kumezwa kila siku hadi kujifungua. Asidi ya foliki husaidia kuzuia mgongo wazi. Lakini mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayepanga kupata mtoto aende kituo cha afya mapema, asingoje tumbo lionekane.

Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubisho, vikiwemo chuma na asidi ya foliki. Mahindi ya shambani yanayosagwa kwenye kinu cha kijijini kwa kawaida hayaongezwi chochote, kwa hiyo anayekula unga huo ana sababu zaidi ya kuhudhuria kliniki.

Chumvi yenye iodini nayo hulinda ubongo wa mtoto tumboni. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu.

Na zile chupa zinazouzwa sokoni kwa ahadi ya kuongeza akili? Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamini B na E, mafuta ya omega na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kama kinga ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Pesa hizo zingenunua omena ya wiki nzima.

Vidonge vya chuma huwachafua baadhi ya kina mama tumbo na kufanya choo kiwe cheusi. Weusi huo si hatari. Kichefuchefu mara nyingi hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya chakula, kwa maji wala si kwa chai. Kikizidi, mama arudi kliniki ashauriwe badala ya kuacha kimyakimya. Vidonge viwekwe juu, mbali na watoto, kwani mtoto akimeza vingi huweza kufa.